Lusweti, Mama Mkwe na Mbuzi wa Pengoni

Kwanza ieleweke kwamba mimi simwonei Lusweti wivu. Watu wa Lumakanda wana midomo, wamekwisha kusema kwamba namwonea, na ndiyo maana naanza na hilo ili tulimalize. Mimi ni Titus, jirani yake wa upande wa chini. Shamba langu la mahindi na lake yanatenganishwa na mtaro mmoja tu. Nilitaka kulikodi shamba lake, basi. Kutaka kukodi si wivu, ni ujirani mwema.

Lusweti ni mtu wa miaka hamsini na kitu, mfupi, kifua mbele, mwenye sauti ya kuitia watu mkutanoni hata anapoomba chumvi. Baba yake alipata zile ekari nne wakati mashamba ya Wazungu yalipogawanywa, akapanda mahindi, akazeeka, akafa, na Lusweti akashika jembe pale pale mzee alipoliacha. Kila binadamu ana ugonjwa wake, na ugonjwa wa Lusweti ulikuwa mahindi. Alipanda mahindi mbele ya nyumba, nyuma ya nyumba na kando ya bafu. Mwezi wa Julai ukitaka kwenda chooni kwake ulipangua majani kwa mikono miwili huku ukimwomba Mungu usipotee. Mke wake, Nekoye, aliwahi kuomba kipande cha ardhi cha ukubwa wa kitanda tu, apande managu. Lusweti akamuuliza kama managu ni chakula au ni dawa ya minyoo.

"Mtu hashibangi mboga," alisema. "Mtu anashiba obusuma, ugali ya mahindi. Mboga ni ya kusindikiza."

Mimi niliunga mkono, nisidanganye. Mimi pia ni mtu wa mahindi, na siku hizo nilikuwa na uhakika kwamba Mungu alipoumba udongo wa Lugari alikuwa amevaa gamubuti na mfuko wa mbegu mgongoni.

Lakini mahindi hayana shukrani. Mwaka mmoja viwavi jeshi walishuka wakala hadi mabua. Mwaka uliofuata mvua ilikatika mahindi yalipoanza kutoa ndevu, mengi yakabaki na ndevu bila meno. Machi mwaka jana Nekoye alichoka. Ni mwanamke mpole, lakini ni mpole kama ng'ombe wa maziwa: siku akipiga teke, ndoo inafika kwa jirani. Siku hiyo mimi nilikuwa nikipita tu, nikasimama kidogo kufunga kamba za viatu, nikasikia.

"Baba Cindy," alimwambia mumewe, "nakupatia mpaka Krismasi. Hii shamba ikikosa kuleta kitu ingine yenye si mahindi, napatia Titus akodi miaka tano. Wewe utakaa kwa kiti uangalie yeye akilima."

"Miaka tano! Na gunia arobaini ziko kwa ghala? Mimi nangoja bei ipande!"

"Basi ipande mpaka Krismasi," Nekoye akasema, akarudi jikoni.

Cheti cha shamba kina majina yao wote wawili, na Lusweti anamjua mkewe. Nami ninajijua. Jioni hiyo hiyo nilipima shamba lile kwa hatua, kutoka mtaroni hadi kwenye ua wa juu. Hatua yangu ni mita moja kamili, muulize yeyote.

Kuhusu yale magunia arobaini, kila mtu alikuwa ameyaona. Ghala la Lusweti ni la mbao, limeinuliwa kwa nguzo, na ukichungulia katikati ya mbao uliona magunia yamepangwa hadi juu, yamefungwa vizuri kwa kamba za katani. Ufunguo aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Hata akienda kanisani, ulimgonga kifuani wakati wa kuimba.

Basi mwezi huo huo akaja Khalayi, mama yake Nekoye. Alikuja kukaa na binti yake mdogo, Gentrix, mwalimu wa nasari aliyekuwa amepanga nyumba ng'ambo ya ua wa juu. Huko kwake Matete, Khalayi ana shamba dogo ambalo ukitupa kofia kutoka upande mmoja inaangukia upande wa pili. Lakini juu ya shamba hilo ana nyuki, ana mboga za kienyeji, ana kuku na miche ya parachichi, na hajawahi kuonekana akingoja bei ya kitu chochote ipande. Kikikosa kimoja, kingine kinamlisha. Kwa ufupi, mtu aliyemfaa Lusweti kuliko wote duniani alikuwa amekaa hatua thelathini kutoka jikoni kwake.

Tatizo lilikuwa moja: alikuwa mama mkwe wake.

Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawaonani ovyo. Hawapeani mikono, hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani mpaka mwenzake apite. Mambo hayo huisha siku wazee wanapoitwa, zawadi zikatolewa, na aibu ikaondolewa. Lusweti alikuwa ameoa miaka ishirini na miwili, na sherehe hiyo alikuwa hajaifanya. Kila mwaka alikuwa akisema, "Baada ya kuvuna."

Kati ya nyumba ya Gentrix na shamba la Lusweti kuna ua wa kayaba, ile miti ya miiba inayoshika nguo na kukataa kuachilia. Mtu hapiti wala haoni upande wa pili, isipokuwa penye pengo moja ambapo Lusweti alikuwa akimfunga mbuzi wake ili azibe nafasi. Mbuzi huyo anaitwa Madam kwa sababu ya jinsi anavyotazama watu. Lusweti alipokubali kufundishwa, masomo yalifanyikia hapo.

Mwanzoni Nekoye ndiye aliyesimama kando ya pengo kupeleka maneno.

"Mama anasema panda mboga karibu na nyumba, umwagie maji ya kuosha vyombo."

"Nimesikia. Mwambie ni mboga gani."

"Amesikia. Anasema managu, murenda na mitoo."

"Nimesikia."

Siku ya tatu Nekoye alitupa mikono juu. "Nyinyi wote mnasikiana! Mimi si redio!" Akaenda kufua nguo.

Mkwe na mama mkwe wamebaki, ua katikati, hakuna wa kusemesha mwenzake. Ndipo Khalayi akakohoa.

"Wewe Madam," akamwambia mbuzi, "kama kuna mtu mwenye akili hapa karibu, anajua kidole kimoja hakivunji chawa. Mahindi ni kidole moja."

Lusweti akatazama kushoto, akatazama kulia, akainama kwa heshima. "Madam," akasema, "huyo mtu akitaka kidole cha pili, aanze na nini?"

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa kuanzia Machi. Kila asubuhi mama mkwe alimweleza mbuzi, mkwe alimuuliza mbuzi, na mbuzi alitafuna. Sijui kama kuna mbuzi mwingine katika kaunti hii aliyehudhuria mafunzo mengi kiasi hicho. Kwetu sisi hakuna aliyeona ajabu. Aliyeona ajabu ni Jepkorir, jirani Mnandi mwenye duka barabarani, ambaye alisikia mara moja akacheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi. "Hata sisi tunaongeanga na ng'ombe," alisema, "lakini hatungojangi ijibu."

Mimi niliona hatari. Mtu akijifunza, hakodishi. Kwa hiyo siku moja, nikiwa katika mtaro wangu, nilipaza sauti ili methali ifike: "Mshika mbili moja humponyoka!"

"Madam," sauti ya Khalayi ikasema, "uliza huyo mwenye anapiga kelele kwa mtaro, Mungu alimpatia mikono ngapi?"

Nilijikuta nimeitazama mikono yangu, yote miwili, na nikaudhika.

Lusweti alibadilika mbele ya macho yangu. Alikata mistari miwili ya mahindi nyuma ya bafu, huku uso umemkunjamana kana kwamba anakata jamaa zake, akapanda managu na murenda. Njia ya choo ikawa mitoo. Kwenye mpaka wetu akapanda alizeti, na mwezi wa Juni zile alizeti zikawa zinanitazama kila nikipita. Na alipoambiwa kupitia kwa Madam kwamba nyuki hawali nyasi wala hawadai mbolea, akamwendea seremala akatengenezewa mizinga mitano, akaipaka nta ndani kama alivyoelekezwa.

Hapa ndipo lilipotokea kosa. Khalayi alikuwa amesema mizinga ikae mahali patulivu na ikaguliwe mara kwa mara na mtu anayejua. Mahali patulivu ni kule chini kwenye miti ya mtoni, kila mtu angekwambia. Lakini anayejua ni nani? Ni Khalayi. Na Khalayi hawezi kutia mguu katika boma la mkwe wake. Lusweti aliliwaza jambo hili mahubiri mazima ya Jumapili, ufunguo ukiwa umetulia kifuani, na mchungaji alipofika "Amina" yeye alikuwa amepata jibu. Aliipanga mizinga yote mitano kando ya ua wa kayaba, mitatu huku na miwili kule, pengo na mbuzi katikati, ili mama mkwe aikague kwa sikio.

Nawe ungedhani Khalayi, mtaalamu mzima, angekataa. Hakukataa! Alikuwa amewaacha nyuki wake Matete na alikuwa akiwaonea hamu. Nyuki walipoingia, alileta kigoda chake, akabandika sikio kwenye miiba, akafumba macho. "Madam," alikuwa akisema, "wa pili wametulia. Wa nne wana njaa, alizeti ichanue haraka." Lusweti upande wa pili alikuwa akiandika kwenye daftari kuukuu la binti yake Cindy. Walikuwa na furaha, wale watu wawili. Nilikuwa nikiwaona kutoka mtaroni na roho iliniuma, na kama hiyo ndiyo mnaita wivu, iteni.

Jumamosi moja ya Agosti, mchana, nilikuja kupima shamba mara ya pili. Mara ya kwanza nilikuwa nimeteleza kwenye hatua ya sitini na hesabu haikuniridhisha. Lusweti alikuwa akipalilia mboga, Khalayi yuko kigodani kwake, Madam yuko pengoni. Madam alikuwa na kupe mgongoni. Alijikuna kwenye ua, miiba ikamchoma. Akatafuta kitu laini zaidi, akapata mguu wa mzinga wa tatu, akajikuna kwa nguvu zake zote.

Sitaeleza sauti ya mzinga ukianguka. Nitasema tu kwamba nyuki hawakuuliza nani kafanya.

Nilikimbia. Nina mguu mbaya tangu ujana na siku hiyo sikukumbuka ni upi. Mbele yangu Lusweti alikuwa akipanda ngazi ya ghala, ufunguo mkononi, na alipofungua tu nikaingia nyuma yake. Alikuwa anafunga mlango mtu wa tatu alipopita chini ya kwapa lake, mama mnene wa miaka sabini, aliyetoka pengoni moja kwa moja kwa mbio ambazo sijaziona hata kwenye michezo ya shule. Kitambaa chake cha kichwa kilibaki kwenye kayaba. Lusweti akafunga mlango, pu!

Tukahema. Mwanga uliingia katikati ya mbao mstari mstari. Halafu sote watatu tukatambua, kwa wakati mmoja, ni nani yuko ndani na nani.

"Wele wange, Mungu wangu!" Khalayi akasema, akageukia ukuta wa huku.

Lusweti akageukia ukuta wa kule, paji la uso limegusa mbao. Nje, nyuki walikuwa wakigonga mlango kwa hasira.

"Titus," Khalayi akaniambia bila kugeuka, akiwa amejiziba uso kwa viganja, "nipatie gunia nifunike kichwa. Na huyo mwingine, mpatie yake."

"Yote yamejaa, mama."

"Mwaga! Mahindi inaokotwanga. Aibu haiokotwi."

"Usimwage!" Lusweti alipiga kelele ukutani. "Titus, usiguse! Hiyo ni ya mbegu!"

"Basi nichukue lingine."

"Hiyo pia ni ya mbegu!"

Mama mzima amesimama bila kitambaa mbele ya mkwe wake, na mtu anazungumzia mbegu. Nilikunja mikono ya shati, nikatanua miguu kama anavyofanya mtu anayeinua kilo tisini, nikalikumbatia gunia na kuvuta. Liliruka likanipiga kidevuni. Kwa muda kidogo nilidhani mgongo wangu umepona. Nikakata kamba, nikalipindua, na yakamwagika magunzi.

Magunzi matupu ya mahindi, makavu, yakabingirika sakafuni hadi kwenye miguu ya Khalayi. Nikafungua la pili. Magunzi. Nikabonyeza la tatu, la nne, la tano kwa kidole. Ghala zima la Lusweti, magunia arobaini yanayongoja bei ipande, lilikuwa la magunzi.

Nilimvika Khalayi gunia la kwanza na Lusweti la pili, wakakaa chini, kila mmoja kwenye kona yake, magunia yenye miguu.

Baada ya muda gunia la huku likauliza, "Madam yuko wapi?"

"Alikata kamba, mama. Nilimwona akielekea sokoni."

"Basi Titus, kaa hapo katikati."

Nikakaa.

"Madam," Khalayi akaniambia, "uliza huyo mtu mahindi ilienda wapi."

Nilifungua mdomo nimuulize, lakini gunia la kule lilikuwa limekwisha kuanza. "Madam, mwambie ni dumuzi. Januari. Nilifungua nikapata unga peke yake na wadudu wanatembea juu. Yenye ilibaki niliuza ya chakula ya kuku, Mama Cindy akiwa matanga kwao. Nikajaza magunzi."

"Madam, na kwa nini hakusema?"

Gunia la kule likaanza kutetemeka.

"Madam, mwambie baba yangu hakuwahi kufungua hii ghala ikiwa tupu. Hata mwaka moja. Na mimi sijui kazi ingine. Mahindi ikikosa, mimi ni nani?"

Mimi nilitazama magunzi. Nilikuwa nimeingia shambani mwa mtu kuhesabu hatua akiwa hai, akiwa anapalilia, na niliona haya mpaka masikio yakawaka, ingawa moja lilikuwa limeumwa na nyuki.

Ndipo Khalayi akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Hakulivua gunia, lakini aligeuka akaelekea kona ya pili, na hakupitia kwa mbuzi yeyote.

"Lusweti," akasema. Miaka ishirini na miwili hakuwahi kulitaja jina hilo Lusweti akisikia. "Lusweti, mwanangu. Wewe ndiye umesimama kwa hiyo ua miezi tano, jua na mvua, ukiuliza mbuzi maswali mbele ya watu. Usiniambie hujui wewe ni nani."

Lusweti akalia waziwazi. Na mimi, si kwamba nililia, ni nyuki.

"Na wewe Titus."

"Naam, mama."

"Mbuzi haisemangi naam. Hii maneno ikifikia Nekoye leo, kesho shamba ni yako. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Sasa, mbuzi ikisikia maneno, inapeleka?"

"Haipeleki, mama."

"Na wewe ni mbuzi ama si mbuzi?"

Nataka mniwazie vizuri hapo. Ekari nne, tambarare, zinazopakana na zangu. Nje nilikuwa nasikia Nekoye akiita jina la mumewe, amekuja mbio kutoka sokoni. Neno moja tu, kupitia nafasi ya mbao, na Krismasi ingekuja Agosti. Nilimtazama mtu yule aliyejifunika gunia akijifuta kamasi kwa ndani.

"Mimi ni mbuzi, mama," nikasema.

Aliyetuokoa ni Jepkorir. Alikuja na mkebe wa kinyesi cha ng'ombe kikavu kinachofuka moshi, akiwa amejitanda blanketi, akawatuliza nyuki kwa dakika chache kama aliyezaliwa nao. Akafungua mlango. Akaona magunia mawili yenye miguu, magunzi kila mahali, na mimi katikati nimevimba jicho.

"Titus," akasema, "hawa watu umewafunga unawapeleka wapi?"

Nikakumbuka ahadi yangu, sikusema neno.

Mkwe kufungiwa ghalani na mama mkwe wake ni jambo lisilofichika wala kuachwa hivi hivi. Wazee waliitwa. Lusweti akanunua blanketi na leso mpya ya kulipia ile iliyobaki kwenye kayaba, Khalayi akaleta jogoo, na Septemba hiyo, kabla ya kuvuna, aibu ya miaka ishirini na miwili ikaondolewa. Wakapeana mikono. Hawakujua waachiliane lini, wakabaki wameshikana mpaka Nekoye akawaambia chakula kinapoa. Mizinga ikahamishiwa mtoni mahali ilipopaswa kuwa, na mama mkwe akaikagua kwa macho kama binadamu wengine.

Oktoba walivuna asali. Jepkorir akaiuza dukani, ikaisha kabla hajamaliza kubandika karatasi kwenye chupa. Mvua ilipopungua na mboga za watu zikakauka, managu ya nyuma ya bafu yalikuwa bado mabichi kwa maji ya vyombo, na akina mama wa mboga wa Shirere, kule mjini wanafunzi wanakopanga vyumba, wakawa wanampigia Nekoye simu kabla jogoo hajawika. Mahindi Lusweti alivuna pia, machache kuliko zamani, akayakausha vizuri na kuyatia katika magunia ambayo dumuzi hapenyi. Kuhusu mahindi yangu mimi, dumuzi nao ni viumbe vya Mungu na lazima wale mahali.

Siku moja kabla ya Krismasi nilimwona Nekoye akivuka mtaro. Nikavaa koti. Mtu hajui, na ahadi ni ahadi, na nilikuwa nimenyamaza miezi minne bila kumwambia hata mke wangu. Nekoye alinipa chupa ya asali.

"Hii ni ya kunyamaza," akasema.

"Kunyamaza nini?" nikauliza, mbuzi mpaka mwisho.

"Magunzi, Titus. Kwani mimi nawashanga moto na nini? Januari nilitoka matanga nikapata magunzi yangu yote imeisha jikoni, na ghala imejaa. Nilijua siku hiyo hiyo. Nilikuwa nangoja aseme mwenyewe."

"Na alisema?"

"Alisema siku ya nyuki. Alishuka ngazi akanivuta kando akaniambia yote, gunia ikiwa bado kwa kichwa."

Nilihisi koti limekuwa zito. "Kwa hiyo mimi nimenyamaza bure."

"Si bure," Nekoye akasema. "Sasa tunajua wewe ni jirani." Akarudi kwake, na mimi nikakaa na ile chupa mlangoni. Nilikula asali nusu kwa kidole, peke yangu, na haikuniudhi hata kidogo.

Januari nilikwenda kwa Gentrix kumwona Khalayi. Si mama mkwe wangu, hakuna mwiko wowote kati yetu, kwa hiyo niliingia kwa lango kuu, nikampa mkono, nikavua kofia. Nikamwambia nataka kujifunza. Nilimwambia kwa sauti ya chini kwa sababu Jepkorir ana masikio.

Khalayi alinitazama uso kwa muda, akatikisa kichwa.

"Haiwezi," akasema. "Nikiona uso wa mtu maneno inapotea. Mimi nimezoea ua. Enda ule upande mwingine."

Basi nikazunguka, mtu mzima na kofia mkononi, nikapita lango la Lusweti, nikapita njia ya choo ambayo siku hizi unaweza kwenda na kurudi bila kupotea, hadi kwenye pengo la kayaba. Mwiba ukanishika shati. Lusweti mwenyewe alimleta Madam kwa kamba, akamfunga karibu na miguu yangu, akanipa kipande cha penseli, kisha akarudi kwenye nyuki wake bila kucheka. Nilimshukuru sana kwa kutocheka.

Nikasikia kigoda kikisogezwa ng'ambo, na mtu akakohoa.

"Madam," ile sauti ikasema, "uliza huyo mtu, Mungu alimpatia mikono ngapi?"

Nikatazama huku na huku, nikainama.

"Mbili, Madam," nikamwambia mbuzi.